Nebraska ni ya Republican miaka yote: je, shemeji anatwanga maji kwenye kinu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni Mkongo aliyekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kupelekwa Marekani. Sasa ni raia wa kule, anaishi Lincoln, Nebraska, na anafanya kazi kiwanda cha nyama. Uchaguzi wa 2024 hakwenda kupiga kura. Anasema Nebraska ni ya Republican siku zote, kwa hiyo kupiga kura ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini redioni nilisikia Kamala Harris amepata kura moja Nebraska. Kura moja katika jimbo lenye watu karibu milioni mbili? Ilitoka wapi, na shemeji yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, shemeji yako yuko sahihi kwa mstari mmoja wa karatasi ya kura, na amekosea kwa mistari karibu yote iliyobaki. Bahati mbaya mstari huo mmoja ndio unaotangazwa redioni.

Tuanze nao. Tangu 1940 Nebraska imemkubali mgombea urais wa Democratic jimbo zima mara moja tu: Lyndon Johnson, mwaka 1964. Kennedy alishindwa jimbo zima, Bill Clinton vilevile, Obama mara mbili. Mwaka 2024 Donald Trump alipata karibu kura 565,000, yaani asilimia 59, na Harris kama 370,000, asilimia 39. Miaka minne nyuma ilikuwa 58 kwa 39. Mwaka 2012 Mitt Romney alikaribia 60. Hata tukio lililotarajiwa kuwatikisa wakulima halikuwatikisa. Vita vya ushuru na China vilivyoanza 2018 viliporomosha bei ya soya, zao ambalo Nebraska inalima kwa wingi. Serikali ya Trump ikawalipa wakulima fidia, na 2020 kura zikabaki palepale. Kwa hiyo shemeji akisema mshindi wa urais katika jimbo zima anajulikana kabla ya vituo kufunguliwa, hajakosea.

Sasa ile kura moja. Kwetu kura ya urais iliyopigwa Kasulu na iliyopigwa Kinondoni zinaingia kapu moja, zinajumlishwa, mwenye nyingi anatangazwa. Marekani haina kapu hilo moja. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, jumla 538 nchi nzima, na anayefikisha 270 ndiye rais. Katika majimbo 48 na mji mkuu Washington, anayeongoza, hata kwa kura mia tano, anazoa wajumbe wote wa jimbo. Majimbo mawili yanafanya tofauti: Maine, tangu uchaguzi wa 1972, na Nebraska, tangu 1992. Nebraska ina wajumbe 5. Wawili ni wa mshindi wa jimbo zima. Watatu waliobaki wanagawiwa kwa wilaya tatu za uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, mjumbe mmoja kila wilaya, na kila wilaya inahesabiwa peke yake.

Sheria hiyo ilipita 1991. Aliyeipeleka ni DiAnna Schimek wa Lincoln, seneta wa bunge la jimbo, na aliyeitia saini ni Gavana Ben Nelson, wote wa Democratic. Chaguzi nne zikapita sheria ikiwa kama haipo, maana Republican walishinda wilaya zote tatu. Mwaka 2008 Obama akaichukua wilaya ya pili, ya mji wa Omaha, kwa pengo la kama pointi moja tu. Mwaka 2012 ikarudi kwa Romney, 2016 Trump akaibakiza kwa shida, 2020 Joe Biden akaichukua, na 2024 Harris pia. Hiyo ndiyo kura uliyoisikia. Siyo ya mpiga kura mmoja, ni mjumbe mmoja aliyetokana na watu zaidi ya laki moja na nusu waliompa Harris kura Omaha na vitongoji vyake. Jimbo likagawanyika nne kwa moja.

Omaha ni mji wa reli, viwanda vya nyama, bima na benki, uliokaa kwenye ukingo wa mto Missouri. Bilionea Warren Buffett anaishi huko, Malcolm X alizaliwa huko mwaka 1925. Una mtaa mkubwa wa Wamarekani weusi upande wa kaskazini na wa watu wenye asili ya Mexico upande wa kusini, na kwingineko kuna wasomi na wafanyakazi wa ofisini ambao zamani walikuwa Republican wa damu lakini kwa Trump wakasita. Hao wa mwisho ndio walioigeuza wilaya. Ushahidi ni kwamba siku ileile Harris alipoishinda, wilaya hiyohiyo ilimrudisha bungeni Don Bacon wa Republican. Maelfu walitia alama kwa Harris, wakashuka mistari michache, wakatia alama kwa Bacon.

Kampeni za 2024 zilipopamba moto, mitaa ya Omaha ilijaa vibao vya ajabu kidogo: ubao mweupe, duara la rangi ya bluu katikati, basi. Hakuna jina wala neno. Kila mtu alielewa: sisi ni nukta ya bluu, rangi ya Democratic, katikati ya bahari nyekundu ya Republican. Upande wa pili wakajibu kwa vibao vyenye ramani ya Nebraska nzima, nyekundu tupu. Kelele zote hizo kwa mjumbe mmoja zilikuwa na sababu. Harris angeshinda Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, akapoteza majimbo mengine yote yaliyokuwa hayatabiriki, angefika 269. Omaha ingemfikisha 270 kamili. Bila Omaha ingekuwa 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo, kubwa au dogo, lina kura moja.

Ndiyo maana Septemba 2024 Seneta Lindsey Graham alifunga safari kutoka South Carolina kwenda kuwashawishi wabunge wa Nebraska wabadilishe sheria, mshindi azoe wote watano. Gavana Jim Pillen alitaka hivyo pia. Zilihitajika kura 33 kati ya 49 za bunge la jimbo ili kuvunja upinzani, na macho yote yakamwangukia mtu mmoja, Mike McDonnell wa Omaha. Huyu ni zimamoto mstaafu aliyewahi kuongoza chama cha wafanyakazi wa zimamoto, na miezi michache kabla alikuwa amehama Democratic kwenda Republican. Mtu aliyehama chama juzijuzi ungetegemea anyooshe mkono haraka kuwaonyesha wenzake wapya kwamba yuko nao. Yeye akasema hapana, si wiki chache kabla ya uchaguzi. Mpango ukafia hapo. Mwaka 2025 wakaurudisha, wakakosa tena zile 33. Mwishowe Trump alishinda kwa 312 dhidi ya 226, kwa hiyo nukta ya bluu haikuamua chochote mwaka huo.

Hapa ndipo pana jambo ambalo nadhani shemeji yako analijua ila hakukuambia: Lincoln haimo ndani ya nukta hiyo.

Lincoln ni makao makuu ya jimbo, mji wa chuo kikuu. Kaunti yake (eneo la utawala ndani ya jimbo), Lancaster, pamoja na Douglas ya Omaha, ndizo kaunti mbili pekee kati ya 93 ambazo Harris alizishinda. Lakini Lancaster imewekwa katika wilaya ya kwanza, pamoja na miji ya kilimo kama Norfolk na Columbus na mashamba yanayoizunguka. Kura za Lincoln zinamezwa humo. Trump aliichukua wilaya ya kwanza kwa zaidi ya pointi kumi. Mipaka hii inachorwa na wabunge kila baada ya sensa ya miaka kumi, na hawaichori wakiwa wamefumba macho. Baada ya Obama kushinda Omaha, ramani ya 2011 iliiondoa sehemu ya Bellevue, karibu na kambi ya jeshi la anga, na kuingiza vitongoji vyenye Republican wengi. Mwaka 2021 waliongeza kaunti ya mashambani ya Saunders. Omaha imebaki na ushindani pamoja na hayo yote. Lincoln haikuwahi kuwa nao katika urais.

Umeuliza pia, kati ya mistari, kwa nini jimbo hili ni gumu hivyo. Jibu la haraka ni kwamba ni jimbo la mashamba, lakini jibu hilo lina kasoro. Kwa sensa ya 2020, kaunti tatu za mashariki, yaani Douglas, Lancaster na Sarpy, zina watu karibu milioni 1.1 kati ya milioni 1.96. Zaidi ya nusu ya wananchi wa Nebraska ni watu wa mjini na vitongojini. Kinachoamua ni ukubwa wa ushindi wa kila upande. Mijini Democratic wanaongoza kwa pointi chache, na Sarpy, kaunti ya vitongoji, bado iko kwa Republican. Ukienda magharibi pengo linakuwa la kutisha. Wilaya ya tatu, inayochukua sehemu kubwa ya ramani, ilimpa Trump kura tatu kati ya kila nne. Kule kwenye vilima vya mchanga vya Sandhills kuna kaunti kama Arthur na McPherson, ambazo hazifikishi watu 500, na Trump anapata zaidi ya asilimia 90. Kaunti ya Cherry peke yake ni kubwa kuliko jimbo zima la Connecticut, na ni nyasi na ng'ombe tu. Ng'ombe wa Nebraska ni zaidi ya milioni sita, mara tatu ya binadamu.

Chanzo cha mapenzi haya ni ardhi. Mwaka 1862, chini ya Abraham Lincoln, chama cha Republican kilipitisha sheria ya kugawa ekari 160 bure kwa aliyekubali kukaa na kulima kwa miaka mitano, na mwaka huohuo ikapita sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara, ambayo upande wa mashariki ilianzia Omaha. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wapawnee, Waomaha, Waoto na wengine, waliosogezwa kwa mikataba na kwa nguvu. Miongoni mwa waliokuja kuikalia walikuwamo askari wengi wa zamani wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chama kilichowapa shamba ndicho walichowarithisha watoto.

Hata hivyo usidhani walikuwa watiifu siku zote. Ukame na madeni vilipowabana miaka ya 1890, na kampuni za reli zikipandisha nauli ya mazao zitakavyo, wakulima walianzisha chama chao, na mkutano wake mkuu wa kwanza wa kuteua mgombea urais ulifanyika Omaha Julai 1892. Miaka minne baadaye William Jennings Bryan wa Lincoln aligombea urais kwa Democratic, na Nebraska ikampa kura. Franklin Roosevelt aliichukua 1932 na 1936. Mwaka huo wa 1936 walimchagua pia George Norris kuwa seneta bila chama chochote, baada ya kukaa miaka mingi ndani ya Republican akigombana na wakubwa wake. Na baada ya 1964, wakati kura za urais zilikuwa zimeshafungwa, bado waliendelea kuwachagua magavana na maseneta wa Democratic: Jim Exon, Bob Kerrey, huyo Ben Nelson. Wa mwisho kushinda jimbo zima ni Nelson, mwaka 2006.

Kilichobadilika baada ya hapo hakiko Nebraska tu. Mashamba yamekuwa makubwa na wakulima wachache, vijana wamehamia Omaha, Lincoln au nje kabisa, waliobaki ni watu wazima wenye ardhi, kanisa na bunduki ya kuwinda. Utoaji mimba, uhamiaji na sheria za mazingira vimekuwa maneno ya kitaifa. Mgombea wa Democratic wa Nebraska anabebeshwa kila kinachosemwa na wenzake wa California. Jina la chama limekuwa mzigo kuliko sera zenyewe. Hii ni rai yangu, lakini angalia kilichotokea kwenye karatasi ileile ya kura ambayo shemeji hakuijaza.

Dan Osborn ni fundi mitambo wa Omaha aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Kellogg's mwaka 2021. Mwaka 2024 aligombea useneta bila chama dhidi ya Deb Fischer wa Republican, na Democratic hawakuweka mtu. Fischer alishinda kwa kama asilimia 53 dhidi ya 47. Trump alishinda kwa pointi 20, Fischer kwa chini ya 7, jimbo moja, siku moja. Maana yake ni makumi ya maelfu ya watu waliompa Trump kura, kisha wakampa fundi mgomaji. Asingekuwa mgombea huru wangempita bila kumtazama.

Halafu ukageuza karatasi ukakuta maswali ya kura ya maoni. Hapo hakuna chama, kuna ndiyo na hapana. Mwaka 2018 Nebraska ilikubali kupanua bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, jambo ambalo wabunge na gavana walilikataa kwa miaka. Mwaka 2022 ilikubali kima cha chini cha mshahara kipande hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa ifikapo 2026, kwa zaidi ya asilimia 58. Mwaka 2024, siku ileile Trump akizoa jimbo, takriban asilimia 71 walikubali bangi ya matibabu, na karibu robo tatu walikubali waajiri walazimike kutoa likizo ya ugonjwa yenye malipo. Wakati huohuo wakapitisha zuio la utoaji mimba baada ya miezi mitatu ya kwanza, ambalo ni la kihafidhina. Watu hawa hawaingii kwenye boksi moja.

Mwambie shemeji asome tena ile ya likizo ya ugonjwa. Mtu anayesimama kwenye mstari wa kukata nyama, mikono ikiganda kwa baridi zamu nzima, akiugua anaamua kati ya kwenda na homa au kukosa posho ya siku. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi Oktoba 2025. Kabla haijaanza, bunge la jimbo lilishaipunguza makali kwa kuwaondoa waajiri wenye wafanyakazi 10 au chini. Bunge hilo nalo limo kwenye karatasi ya kura. Ni la chumba kimoja, wabunge 49, bunge la pekee la aina hiyo Marekani tangu 1937, kazi ya yuleyule George Norris. Mbele ya majina ya wagombea hakuandikwi chama, na eneo la uchaguzi la kila mbunge lina watu wapatao 40,000 tu. Baadhi ya viti vya Lincoln vinakwenda kwa pengo dogo. Hata ubunge wa taifa katika wilaya yake ya kwanza umewahi kuyumba: Juni 2022, kwenye uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi, Mike Flood wa Republican alishinda kwa kama pointi tano tu.

Kwa hiyo ukimpigia simu, usibishane naye kuhusu Trump na Harris, hapo atakushinda kwa hoja. Muulize nani mbunge wake wa jimbo na alipiga kura gani kuhusu likizo ya ugonjwa. Novemba 2026 kuna uchaguzi wa gavana, wa kiti cha useneta cha Pete Ricketts, na wa nusu ya bunge la jimbo. Ahakikishe jina lake limeandikishwa kwa anwani anayoishi sasa, maana wenzetu wengi wanahama nyumba na kusahau. Kuanzia 2024 Nebraska inadai kitambulisho chenye picha kituoni. Leseni yake ya udereva ya jimbo inatosha. Na kama Kiingereza cha maswali ya kura ya maoni kinamsumbua, maana hata wenyeji kinawasumbua, sheria ya Marekani inamruhusu mpiga kura asiyeweza kukisoma kuingia na mtu anayemwamini wa kumsaidia, awe mkewe, jirani au mtu wa kanisani kwake, ilimradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa wa chama chake cha wafanyakazi.